Kutoka Kipande Hadi Kiungo: Habari ya Kazi Ilivyofika Kakamega

Leo tuweke misimbo kando kidogo, ndugu msomaji, tuzungumze historia. Vijana wakishajua kwamba mtu huandika programu, swali lao la kwanza huwa si lugha gani ya kompyuta wajifunze. Huuliza: "Kuna tovuti gani nzuri ya kutafuta kazi?" Jibu la haraka ni orodha ya majina matano au sita, na orodha za namna hiyo zimejaa mtandaoni. Mimi naona orodha haitoshi. Kila zana ilitengenezwa kutatua shida fulani, na shida zenyewe ni za zamani kuliko kompyuta. Ukiijua historia yake, unaweza kuipima zana mpya kabla hujaipa jina lako, nambari ya kitambulisho na vyeti vyako.

Nitachukua mji mmoja, Kakamega, na kufuata maswali mawili tu. La kwanza: habari ya kazi ilimfikiaje mtu aliyeko huku, zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi, na nani aliigharimia? La pili: karatasi iliyomfungulia mlango wa kazi iliandikwa na nani?

Kibarua na kipande

Tuanze na maneno yenyewe, maana Kiswahili kimehifadhi mengi. Kibarua ni barua ndogo. Zamani mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi alipochukuliwa kazini, akakirudisha alipolipwa. Polepole jina la karatasi likawa jina la mtu aliyeishika. Na mtu akipata kazi tunasema ameandikwa. Angalia kitenzi hicho: mtafuta kazi haandiki, anaandikwa. Kalamu iko kwa mwingine.

Neno la pili ni kipande. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka 1915, lakini Vita Vikuu vya Kwanza vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kuanzia 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na cheti chenye jina lake, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Cheti kilitiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Aliyekutwa bila kipande alitozwa faini au alifungwa.

Kwa macho ya mtu wa kompyuta, kipande kilikuwa rekodi ya hifadhidata iliyotembea kwa miguu. Kilikuwa na sehemu zake za kujazwa, na nakala ya taarifa ilikuwa Nairobi. Tatizo lilikuwa ruhusa. Mwajiri na karani waliweza kuandika. Mwenye kipande aliweza kukibeba tu. Mwajiri akikataa kutia sahihi kwamba amemwachilia mfanyakazi, mfanyakazi huyo hakuweza kuajiriwa kihalali na mwingine. Rekodi ilikuwa yake kwa jina, lakini kazi yake ilikuwa kumlinda mwajiri asikimbiwe.

Na habari ya kazi je? Kakamega ya wakati huo ilikuwa makao ya wilaya ya North Kavirondo, na habari ilifika kwa njia ya chifu. Oktoba 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maofisa na machifu wahimize vijana kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Kodi nayo ilisukuma, kwa sababu ililipwa kwa fedha taslimu. Wengi walikwenda mashamba ya Trans Nzoia na Uasin Gishu, wengine relini, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 mashamba ya majani chai ya Kericho nayo yakahitaji watu. Habari haikumgharimu mtu chochote kwa sababu ilikuja kama amri.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921 Harry Thuku alikipinga kipande kule Nairobi, na Desemba mwaka huohuo mkutano mkubwa wa Lundha, huku magharibi, ulidai mambo mengi, likiwemo kuondolewa kwa kipande. Hata hivyo kilidumu hadi 1947, kilipobadilishwa na usajili wa watu wa rangi zote.

Kazi ya getini

Mwaka 1931 L. A. Johnson, mlowezi mwenye asili ya Marekani, aligundua dhahabu karibu na Kakamega. Wazungu walimiminika na mahema yao. Sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, wenyewe watapewa nyingine badala yake. Desemba 1932 ikabadilishwa ili wachimbaji wasizuiwe. Mgodi mkubwa kuliko yote uliitwa Rosterman, ukafanya kazi hadi 1952. Mgodi umekwisha, lakini mtaa bado unaitwa Rosterman.

Kwa historia yetu, dhahabu ilileta jambo moja jipya: kazi ilikuja ilipo watu. Habari ilienda kwa mdomo, na njia ya kuomba ilikuwa kuamka mapema na kusimama getini. Mtindo huo ulirudi Mumias, ambako kiwanda cha sukari kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Mtu wa Shianda au Matungu hakuhitaji gazeti ili ajue kama kiwanda kinachukua vibarua. Jirani alimwambia. Gharama yake ilikuwa nauli na siku moja iliyopotea akirudishwa.

Geti lina wema wake: unaona kwa macho kama kazi ipo au haipo. Lakini geti likifungwa, habari yote hukatika kwa mpigo. Mumias Sugar ilidhoofika kwa miaka mingi, na Septemba 2019 ikawekwa chini ya mrasimu. Watu waliozoea kutafuta kazi kwa kutembea walilazimika kuitafuta mbali, kwa njia ya maandishi.

Gazeti la Ijumaa na sanduku la shule

Kwa aliyesoma shule, njia ya maandishi ilikuwapo zamani. Gazeti la kila siku la Nation lilianza Oktoba 1960, na kwa miongo mingi wasomi walisubiri toleo la Ijumaa lenye kurasa za nafasi za kazi. Gazeti moja lilisomwa na watu kumi. Aliyekosa hata la kuazima alikuwa na jamaa Nairobi, na jamaa huyo ndiye aliyekuwa mtandao wa kijamii wa wakati ule: alisikia kazini kwake kwamba kuna nafasi, akatuma ujumbe na dereva wa basi.

Sasa hesabu muda. Tangazo limetoka Ijumaa. Mwombaji analiona Jumatatu. Anaandika barua kwa mkono, anatafuta mashine ya kutoa nakala za vyeti, ananunua bahasha na stempu, anapeleka posta. Majibu yatakuja kwa S.L.P., lakini familia nyingi hazikuwa na sanduku lao. Zilitumia la shule ya msingi au la kanisa. Barua ya kuitwa kwenye mahojiano inaweza kukaa kwenye kabati la mwalimu mkuu hadi shule zifunguliwe. Kuna watu ambao maisha yao yaligeuzwa na barua iliyofika siku mbili baada ya mahojiano, na hakuna wa kulaumiwa.

Hapa tunaona mabadiliko makubwa kwenye swali letu la pili. Mwombaji sasa anaandika mwenyewe. Barua ya maombi na wasifu wake ni maneno yake. Lakini njia ya kurudi, yaani anwani, bado ni ya mtu mwingine.

Arafa na saiba

Mwaka 1999 shirika la posta na simu la Kenya lilivunjwa na kugawanywa. Mwaka 2000 kampuni mbili za simu za mkononi, Safaricom na KenCell, zikaanza kushindania wateja. Kufumba na kufumbua, kijana wa kijijini akawa na anwani yake mwenyewe kwa mara ya kwanza: nambari ya simu. Arafa moja inabeba herufi 160, nazo zinatosha kusema kazi gani, wapi, na mwisho wa kuomba ni lini.

Walioliona hilo mapema ni shirika la OneWorld, ambalo mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilianzisha huduma ya Kazi560 chini ya mradi ulioitwa Mobile4Good. Mtu alijiandikisha, matangazo ya kazi yakamjia kwenye simu, naye akalipia arafa hizo. Naiheshimu sana huduma ile. Haikuhitaji kompyuta wala umeme nyumbani, ilitumia chombo ambacho mtu alikuwa nacho tayari. Wanaprogramu wa leo wanaojenga programu nzito za simu ghali wangejifunza kitu hapo.

Wakati huohuo tovuti za kazi zilikuwa zinakua ulaya na Marekani. Monster ilianza 1994, LinkedIn ikafunguliwa 2003, Indeed ikafuata 2004. Kenya ilipata BrighterMonday mwaka 2006. Kwa Kakamega, mlango wa kuingilia huko ulikuwa saiba. Wakati Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilipopandishwa kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, mji ulikuwa na wanafunzi wengi wanaohitaji kuchapa wasifu na kutuma barua pepe, na intaneti ya wakati ule ilipita kwenye setilaiti, polepole na kwa bei ya dakika. Mambo yalibadilika mwaka 2009, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa.

Saiba ilikuwa msaada, ila ilirudisha tatizo la sanduku la shule kwa sura nyingine. Wengi walifunguliwa barua pepe na mhudumu, naye akabuni nenosiri na kuliandika kwenye daftari lake. Mhudumu akihama, anwani imekwenda naye. Barua ya mahojiano imefika, haina wa kuifungua.

Kipande kilichogeuzwa

Machi 2013 Kenya ilianza ugatuzi, na Kakamega ikawa kaunti yenye serikali yake. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema kwamba nafasi ya kazi ya umma ikijazwa, bodi ya utumishi wa umma ya kaunti itangaze kwa njia zitakazowafikia watu wengi kadiri iwezekanavyo, hasa wale walionyimwa fursa. Linganisha na waraka wa Northey. Zamani serikali ilimtafuta mfanyakazi ili imlazimishe. Sasa sheria inailazimisha serikali imtafute mwombaji ili apate habari.

Je, teknolojia inasaidia hapo? Kwa kiasi. Mwaka 2018 Google ilileta Kenya huduma yake ya kutafuta kazi ndani ya ukurasa wa kawaida wa utafutaji. Siri yake ni rahisi. Mwenye tovuti huweka nyuma ya ukurasa maelezo ambayo mashine inaweza kuyasoma: cheo, mwajiri, mahali, mshahara, tarehe ya mwisho. Mpangilio huo unaitwa JobPosting, nao ni sehemu ya msamiati wa schema.org ulioanzishwa mwaka 2011. Tazama sehemu hizo za kujazwa kisha kumbuka kipande: mwajiri, mshahara, tarehe. Ni karibu zilezile, ila zimegeuzwa. Kipande kilimweleza mfanyakazi ili mwajiri amtafute. JobPosting inamweleza mwajiri ili mfanyakazi amtafute. Mimi naona hayo ni maendeleo ya kweli, na yametokana na mistari michache ya msimbo.

Lakini mashine husoma kilichoandikwa tu. Matangazo mengi ya ofisi za umma bado hutolewa kama faili la PDF, na mara nyingine ni karatasi iliyopigwa picha na skana. Mtambo wa utafutaji hupata shida kuona ndani ya picha, kwa hiyo tangazo liko mtandaoni na bado limefichika, sawa na lile lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mkuu wa wilaya. Ukiwa mwanaprogramu wa ofisi kama hiyo, kuandika tangazo kama maandishi ya kawaida kwenye ukurasa ni kazi ya nusu saa, na huenda ikamfaa mtu wa Lugari au Khwisero kuliko programu mpya ya simu.

Kuna mambo mengine mawili ambayo historia hii inatuonya. Kwanza, habari ikiwa bure kwa wote, foleni haiishi, inahama. Zamani aliyeshinda ni aliyesikia mapema. Leo maelfu wanasikia kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwajiri anachuja, na mara nyingi anachuja kwa programu. Anayeshinda hatua hiyo ya kwanza ni yule ambaye karatasi zake ziko tayari na zinasomeka. Pili, habari ya bei nafuu imeleta uongo wa bei nafuu. M-Pesa ilianza Machi 2007 na imetufaa kwa mengi, lakini imemrahisishia pia tapeli kuomba "ada ya usajili" kwa mtu ambaye hatamwona kamwe. Getini pa Mumias hukuweza kudanganywa kwamba kuna kiwanda.

Tutumie vipi zana tulizo nazo?

Nikirudi kwenye swali la vijana, jibu langu ni kipimo kuliko orodha. Zana nzuri inapunguza gharama ya habari na inakuachia kalamu. Ukitumia kipimo hicho, mambo matatu yanafuata.

La kwanza, acha habari ikufuate. Google ina huduma ya Alerts tangu 2003: unaandika jina la kazi yako kwa Kiingereza, maana matangazo mengi huandikwa hivyo, pamoja na neno Kakamega, nayo inakutumia barua pepe ukurasa mpya ukitokea. BrighterMonday, LinkedIn na Fuzu nazo hutuma taarifa kama hizo bila malipo. Kwa kazi za serikali, andika site:go.ke kwenye kisanduku cha kutafutia, uache nafasi, kisha kazi unayotaka. Utaona kurasa za serikali peke yake. Hayo ni matumizi madogo ya bando kuliko kushinda ukipekua makundi ya WhatsApp.

La pili, shika rekodi yako mwenyewe. Fungua barua pepe yako kwa mkono wako, nenosiri ulijue wewe, na nambari ya kuirejesha iwe laini yako. Vyeti vipige picha safi, vipe majina yanayoeleweka, vihifadhi mahali pawili. Wasifu uandike kama maandishi, usiwe picha, ili programu ya kuchuja iweze kuusoma. Mtu akikuandikia kwenye saiba, ondoka na faili lenyewe na si karatasi peke yake, ili kesho uweze kulibadilisha.

La tatu, fuata kiungo hadi kwa mwenyewe. Tangazo likidai kwamba linatoka serikali ya kaunti, nenda kakamega.go.ke ulitafute huko. Anwani zinazoishia .go.ke hupewa taasisi za serikali pekee. Likiwa na jina linalofanana lakini mwisho mwingine, liache. Ukiahidiwa kazi Saudi Arabia au Qatar, hakikisha kwanza kama wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Na mtu akikuomba pesa ili uitwe kwenye mahojiano, hapo hakuna kazi.

Niongeze la mwisho, ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje, kuziona, kusahihisha zisizo sahihi na kutaka zile za uongo zifutwe. Haki hiyo inahusu pia wasifu ulioupakia kwenye tovuti ya kazi mwaka juzi ukausahau. Mwanamume wa North Kavirondo wa 1920 hakuwa na mahali pa kwenda kusema kwamba kilichoandikwa kwenye kipande chake si kweli. Wewe unapo, basi ingia kwenye akaunti zako za zamani wiki hii, soma walichoandika kukuhusu, urekebishe.

Kwa leo naishia hapa. Siku nyingine tutatazama jinsi ya kupunguza uzito wa mafaili ya vyeti bila kuharibu maandishi, maana tovuti nyingi za kuombea kazi huweka kikomo cha ukubwa, na mtu hulijua hilo dakika tano kabla ya mwisho wa kuomba.